Kikao Kisichokuwa na Jaji

Mpwa wangu aliyeko Leicester, ambaye ni muuguzi na ameishi Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, alinipigia simu jioni moja nikiwa barazani hapa Nkuhungu nikichambua mchicha, akaniambia kwa sauti ya hofu, “Mama mdogo, nimeitwa mahakamani.” Nilishtuka, na swali la kwanza lililonitoka likawa lile ambalo mzazi yeyote wa huku angeuliza, yaani amemkosea nani. Akacheka. Alikuwa ameitwa kuwa mmoja wa jopo la watu kumi na wawili ambao kwa wenzetu ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Sikuwa nikijua kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali anaweza kujiandikisha kupiga kura, wala kwamba majina ya watu hao kumi na wawili hutolewa kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari hilohilo la wapiga kura, ili mradi mtu awe na umri kati ya miaka 18 na 75 na awe ameishi nchini humo kwa angalau miaka mitano tangu alipofikisha umri wa miaka 13. Kwa hiyo binti aliyesomea shule ya msingi hapa Dodoma alikuwa anakwenda kuamua shauri la Waingereza.

Wiki kadhaa baadaye alinipigia tena, safari hii akiwa mtulivu na mchovu, akaniambia kwamba shauri lilikuwa la mtoto. Hakusema zaidi kuhusu mtoto huyo, na mimi sikumuuliza, kwa kuwa sheria ya kule inamkataza mjumbe wa jopo kumsimulia mtu yeyote, hata mume wake, yale waliyojadiliana katika chumba chao, na anayekiuka anaweza kufungwa. Lakini maneno ya jaji hutamkwa mahakamani hadharani, na kila aliyeketi kwenye viti vya nyuma huyasikia. Hayo ndiyo aliyonisimulia, kwa zaidi ya saa moja, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii baada ya kukaa nayo moyoni kwa muda mrefu.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili lilinigusa. Mwaka 2013, nikiwa bado mwalimu, nilichaguliwa kuwa mshauri wa mahakama katika kikao cha Mahakama Kuu kilichosikiliza mashauri ya mauaji. Wengine hutuita wazee wa baraza, ingawa mimi wakati huo sikuwa mzee na sikupenda kuitwa hivyo. Tulikuwa watatu. Tuliketi pembeni ya jaji, tukasikiliza mashahidi, tukaruhusiwa kuwauliza maswali ya kufafanua, na mwisho jaji akatufupishia shauri lote: ushahidi wa upande wa mashtaka, utetezi wa mshtakiwa, maana ya kuua kwa kukusudia, na mzigo wa kuthibitisha ambao haumtoki anayeshtaki. Kisha kila mmoja wetu akatoa maoni yake kwa zamu. Maoni yetu hayakumfunga jaji, naye alitueleza hivyo waziwazi. Hata hivyo muhtasari ule haukuwa mapambo, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikuwa ikifuta mashauri mazima ya mauaji pale ilipobaini kwamba washauri hawakuelekezwa katika hoja muhimu za kisheria. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa ni juu ya Mahakama Kuu kuamua kama inawahitaji washauri au la, jambo ambalo baadhi ya wenzangu waliosikitikia posho walililalamikia kuliko nilivyolilalamikia mimi.

Tofauti na jopo la Waingereza ni kubwa. Kule jaji ndiye bwana wa sheria, lakini kuhusu nini kilitokea hana kauli. Kauli ni ya wale kumi na wawili, na ikiwa baada ya muda usiopungua saa mbili na dakika kumi hawajaafikiana wote, jaji anaweza kukubali uamuzi wa kumi dhidi ya wawili. Hawaandiki sababu. Hawaulizwi walifikaje pale walipofika. Kwa kuwa hakuna atakayeweza kuchungulia ndani ya vichwa vyao baada ya hapo, kinga pekee iliyobaki ni maneno wanayoambiwa kabla ya kuingia chumbani, na ndiyo maana maneno hayo yamepimwa, yamekatiwa rufaa na kuandikwa upya kwa miaka mingi sana.

Mpwa wangu alisema kwamba jaji aliwapa pia karatasi yenye maswali yaliyopangwa kwa mfuatano: swali la kwanza ni hili, mkijibu hapana acheni na mtamke kwamba hana hatia, mkijibu ndiyo nendeni la pili. Karatasi hiyo alilazimika kuirudisha. Lakini anayakumbuka maelekezo yenyewe, na lililomkaa zaidi ni lile la kuchelewa.

Jaji aliwaambia kwamba wakili wa utetezi ameuliza kwa nini mtoto hakusema mapema, na kwamba ni haki yake kuuliza. Kisha akawaambia kwamba uzoefu wa mahakama umeonyesha kuwa watoto hawafanani: yupo anayekimbia kumwambia mama yake dakika ileile, yupo anayekaa miezi, yupo anayekaa miaka, na yupo ambaye hasemi kabisa mpaka aulizwe. Woga, aibu, kutolielewa jambo lenyewe, kumpenda aliyemtendea au kuogopa kwamba nyumba itavunjika ni baadhi ya sababu. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakumaanishi kwamba mtoto anasema uongo. Hapo mpwa wangu alidhani jaji amemaliza, lakini jaji akaendelea: vivyo hivyo, kuchelewa hakumaanishi kwamba anasema kweli. Wao wawili, sheria na jaji, hawakuwa na upande. Kazi ya wajumbe ilikuwa kuangalia mtoto huyu, katika mazingira yake haya, na sababu aliyoitoa, kisha wajiulize kama wana uhakika.

Kulikuwa na mengine ya namna hiyohiyo. Waliambiwa wasipime ukweli kwa machozi, kwa sababu mtoto anaweza kusimulia jambo zito kwa uso mkavu kama anayesimulia safari ya gulioni, na mwingine anaweza kulia kwa kuogopa chumba tu. Waliambiwa kwamba mtoto aliyeendelea kumsalimia mtu huyo, kwenda nyumbani kwake na kupokea zawadi zake hajajikanusha kwa kufanya hivyo. Waliambiwa kwamba mahojiano ya mtoto na polisi yaliyorekodiwa kwa video, ambayo walionyeshwa mahakamani, ni utaratibu wa kawaida kwa mashahidi watoto, na kwamba wasimfikirie mshtakiwa vibaya kwa sababu ya utaratibu huo, kana kwamba mtoto amefichwa kwa kuwa mtu yule ni wa hatari. Na waliambiwa, mapema kabisa, kwamba shauri la aina hii huamsha hasira na huruma, kwamba hakuna anayewalaumu kwa kuwa na hisia hizo, ila waziache mlangoni.

Nchini humo hawakufika hapo kwa siku moja. Hadi 1988 jaji alilazimika kuliambia jopo kuhusu hatari ya kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto pasipo ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, na hadi 1994 onyo kama hilo lilikuwa la lazima kwa kila mlalamikaji wa kosa la kujamiiana, hata awe mtu mzima mwenye akili timamu na asiye na sababu ya kusema uongo. Sheria ya 1999 ikaja kutamka kwamba mtu wa umri wowote anaweza kuwa shahidi ili mradi anaelewa maswali na anaweza kutoa majibu yanayoeleweka. Mwaka 2010 mahakama yao ya rufaa ilithibitisha hukumu iliyotegemea ushahidi wa mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minne na nusu hivi wakati wa kesi. Kuanzia mwishoni mwa 2013 walifanya majaribio katika Leeds, Liverpool na Kingston upon Thames ya kurekodi mapema hata maswali ya wakili wa utetezi, ili mtoto amalize habari yake na kurudi kwenye michezo yake bila kusubiri kesi ifike, na utaratibu huo baadaye ukaenea.

Mzizi wa woga ule wa zamani ni jaji mmoja Mwingereza, Matthew Hale, aliyefariki 1676. Yeye aliacha maandishi yanayosema kwamba tuhuma ya kubaka ni rahisi kuitoa na ni ngumu kwa mtuhumiwa kuikanusha hata akiwa hana hatia. Maneno hayo yalivuka bahari, na kwa miaka mingi majaji wa California nchini Marekani walilazimika kuyasoma kwa majopo, mpaka mahakama ya juu ya jimbo hilo ilipoyaondoa kama maelekezo ya lazima mwaka 1975. Inashangaza jinsi sentensi ya mtu aliyekufa karne ya 17 ilivyoendelea kukaa kwenye kiti cha jaji karibu miaka mia tatu bila kulipa kodi.

Leo California ina kitabu cha maelekezo sanifu kwa makosa ya jinai, kilichoanza kutumika 2006, na kimo ndani yake kipengele kinachohusu shahidi wa umri wa miaka 10 au pungufu. Jopo huambiwa lizingatie umri wake na kiwango cha ukuaji wa akili yake, lielewe kwamba mtoto anaweza kuona na kueleza mambo kwa namna tofauti na mtu mzima, lakini lisiukatae wala kuutilia mashaka ushahidi wake kwa sababu tu ni mtoto. Kipengele kingine kinahusu wataalamu wa saikolojia wanaoitwa kueleza tabia za watoto waliodhulumiwa: jopo huambiwa kwamba maelezo ya mtaalamu si ushahidi kwamba mshtakiwa alitenda kosa, na kwamba yanaweza kutumika tu katika kupima kama mwenendo wa mtoto unapingana au haupingani na mwenendo wa mtoto aliyetendewa. Jimbo la Victoria nchini Australia limekwenda mbali zaidi, kwa kuwa sheria yake ya 2015 inamzuia jaji, mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi kuliambia jopo kwamba watoto, kama kundi, hawaaminiki.

Nililopenda zaidi, pengine kwa sababu nimefundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, ni namna wanavyoshughulikia suala la tarehe. Mtoto aliyeishi nyumba moja na mtu aliyemdhulumu mara nyingi hawezi kusema ilikuwa tarehe ngapi. Mwaka 1990 mahakama ya juu ya California iliamua kwamba ushahidi wa jumla wa mtoto wa namna hiyo unaweza kutosha, ikiwa anaeleza ni kitendo cha aina gani, kilifanyika mara ngapi kwa makadirio, kwa mfano mara mbili kila mwezi, na ni katika kipindi gani. Lakini mshtakiwa naye analindwa, kwa sababu jopo huelekezwa kwamba haliwezi kumtia hatiani kwa shtaka fulani mpaka wajumbe wote wakubaliane juu ya kitendo kilekile kimoja, au wote wakubaliane kwamba vitendo vyote vilivyoelezwa vilifanyika. Hairuhusiwi sita wakafikiria Jumamosi moja na sita wengine Jumamosi nyingine. Nikawakumbuka wanafunzi wangu wa vijiji vya upande wa Bahi, ambao ukimuuliza mmoja wao jambo lilitokea lini, atakuambia ni wakati wa kupura mtama, au siku mbuzi wa babu alipopotea, na atakuwa sahihi kuliko wewe mwenye kalenda ya ukutani.

Sasa nirudi kwetu. Tanzania haina jopo la watu kumi na wawili, na kosa la kumbaka mtoto halisikilizwi mwanzo na jaji wa Mahakama Kuu mwenye washauri pembeni. Hufunguliwa katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mbele ya hakimu mmoja. Ushahidi husikilizwa faraghani na vyombo vya habari haviruhusiwi kuutangaza. Hakimu huyo ndiye sheria na ndiye jopo. Hana wa kumwelekeza, kwa hiyo lugha ya mawakili ni kwamba “hujielekeza” mwenyewe, na ukisoma sababu za rufaa utaona mara kwa mara kwamba hakimu “alijielekeza vibaya”. Nilipokuwa kijana nililiona neno hilo kuwa la ajabu, kama mtu anayejinyoa mgongo. Baada ya kuwa mshauri wa mahakama nililielewa, maana hukumu yake ya maandishi ndiyo inayotufungulia kichwa chake, jambo ambalo jopo la Leicester haliwezi kutufanyia.

Sheria inamwambia nini? Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu anayembaka msichana wa chini ya miaka 18 hawezi kujitetea kwa kusema kwamba msichana alikubali. Adhabu haipungui miaka 30 gerezani, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha. Sheria hiyo iliacha mlango mmoja kwa mke mwenye umri wa miaka 15 au zaidi, mlango unaotokana na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyoruhusu msichana wa umri huo aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi, binti wa hapahapa Dodoma, aliishtaki Serikali kuhusu vifungu hivyo vya ndoa, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo Oktoba 2019.

Kuhusu ushahidi, kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 127 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, bila ushahidi wa kuliunga mkono, ikiwa ameridhika kwamba mtoto anasema kweli tupu, na sharti aandike sababu za kuridhika huko. Sharti hilo la kuandika ndilo mwenzake wa maelekezo ya jaji wa Leicester. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji lazima utoke kwa aliyetendewa, na sentensi hiyo ikawa kama wimbo, ikinukuliwa katika hukumu baada ya hukumu, mpaka Mahakama hiyohiyo ikalazimika kukumbusha baadaye kwamba haikukusudia neno la mlalamikaji lipokelewe kama Injili. Ni lazima lipimwe. Kwa maneno mengine, nusu mbili za jaji wa Leicester zimo kwetu pia, ila moja ilitangulia na nyingine ikafuata nyuma kwa miaka kadhaa.

Panapoumiza ni kwenye ahadi. Mtoto wa umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini tangu marekebisho ya 2016 ni lazima kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Kabla ya hapo palikuwa na mahojiano marefu ya kupima kama mtoto ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema kweli. Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba hakimu anaweza kuuliza mambo mepesi: umri wa mtoto, dini yake, kama anajua maana ya kiapo, na kama hajui, je, anaahidi kusema kweli. Ahadi hiyo iandikwe katika mwenendo wa shauri kabla mtoto hajaanza kusimulia. Ni sentensi moja. Pamoja na hayo, kuna ushahidi wa watoto uliotupwa kwenye rufaa kwa sababu sentensi hiyo haikuonekana katika kumbukumbu, na mtu aliyefungwa akatoka. Sisemi kwamba majaji wa rufaa wamekosea, kwani mtu anapokabiliwa na miaka 30 au maisha yake yote, utaratibu uliowekwa na Bunge ni haki yake. Nasema tu kwamba mzazi aliyetoka kijijini kwa lori la mkaa, akauza mbuzi ili alale mjini siku tatu, hakuwa na namna ya kujua kwamba shauri la mwanawe liliisha pale hakimu alipoandika moja kwa moja jina na darasa la mtoto. Na kwa kuwa hadi 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, wengi hawakuweza hata kusoma sababu.

Umri nao ni kama ahadi. Kwa kuwa kosa lenyewe linategemea mtoto awe chini ya miaka 18, umri lazima uthibitishwe kwa ushahidi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, neno la mzazi, la daktari, au la mtoto mwenyewe. Haitoshi kwamba umetajwa kwenye hati ya mashtaka. Mama akisema “alizaliwa mwaka ule wa njaa” wakili hodari atauliza ni njaa ipi, kwa sababu Ugogoni njaa zimekuwa nyingi.

Hayo yote, hata hivyo, hutokea baada ya shauri kufika mahakamani. Ninalotaka kulikiri ni la kabla ya hapo. Mwaka 2015, miaka miwili tu baada ya kuketi pembeni ya jaji na kuelekezwa kwa zaidi ya saa moja jinsi ya kupima ushahidi dhidi ya mtu aliyetuhumiwa kuua, niliitwa kwenye kikao cha ukoo. Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa amesema jambo kuhusu mtu mzima aliyeaminiwa na nyumba nzima. Jambo lilitokea wakati wa mavuno, naye alikuja kulisema mvua za kwanza ziliponyesha. Tulikaa chini ya mbuyu, wanaume kwenye viti na sisi wanawake kwenye mkeka, na binti akasimamishwa katikati. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa kikao kile, na wote walijua kwamba nimewahi kukaa mahakamani na majaji, kwa hiyo nilipopewa nafasi watu wakanyamaza. Nikamuuliza, “Mbona hukusema mapema?”

Hakujibu. Mwingine akauliza mbona aliendelea kwenda kuchota maji kule kwa mtu huyo. Mwingine akasema mtoto aliyefanyiwa jambo kama hilo angelia, na huyu halii. Hakuna aliyemuuliza mtuhumiwa chochote zaidi ya kumtaka aseme kwamba hakufanya, naye akasema. Robo saa ilitosha. Hakuna aliyekwenda kituo cha polisi kuomba PF3, ile fomu ya kupimwa na daktari, hakuna aliyelifikia Dawati la Jinsia na Watoto wala ofisa ustawi wa jamii, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya namna hiyo aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nilikuwa naijua sheria hiyo. Nilikuwa nimeifundisha shuleni, katika somo la uraia.

Kumbe maswali yetu matatu yalikuwa yaleyale matatu ambayo jaji wa Leicester aliwaonya watu kumi na wawili wasiyape jibu la haraka. Mpwa wangu alipokuwa akiyataja moja baada ya jingine, nilikuwa nikiuona mkeka ule, na niliinuka nikaingia ndani. Sikuweza kumwambia kwa nini nimenyamaza. Nilimwuliza tu arudie lile la kuchelewa, nikachukua kalamu.

Sitaki msomaji adhani ninasema kwamba kikao kingepaswa kumtia hatiani mtu yule. Sikuwepo lilipotokea, na sijui mahakama ingeamua nini baada ya kusikia pande zote na kuona cheti cha daktari. Lakini siyo kazi ya kikao cha ukoo kuamua, na kama kinajipa kazi hiyo, basi ndicho jopo lenye nguvu kuliko yote katika nchi hii, kwa kuwa mashauri mengi huanzia na kuishia hapo, na ndilo jopo pekee ambalo halielekezwi na mtu yeyote. Waliokaa pale si watu wabaya. Wengi wao wangefanya vizuri kabisa katika kile chumba cha Leicester, wakiwa na karatasi ya maswali mikononi.

Binti yule sasa ni mtu mzima, anafanya kazi yake hapa mjini, na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo tangu siku ile. Mwezi uliopita nilimwalika nyumbani kwa chai. Nilimwomba radhi, kwa maneno machache, kwa sababu niliona maneno mengi yangekuwa ya kunifariji mimi. Kisha nikamsomea nilichoandika siku ya simu ile: kwamba watoto hawafanani, kwamba kuchelewa peke yake hakumaanishi uongo. Aliniomba nirudie, nikarudia. Nikasita kusoma iliyobaki, lakini aliona kwamba karatasi haijaisha, akaniuliza imeandikwaje. Nikamsomea: vivyo hivyo, kuchelewa hakumaanishi kwamba anasema kweli, msikilizeni, mpimeni, mjiulize mna uhakika au hamna.

Alikaa kimya akizungusha kikombe.

“Hiyo nayo ni sawa, shangazi,” akasema. “Mimi sikutaka mniamini tu. Nilitaka mniulize mpaka mwisho.”